Uainishaji wa Dawa za Kienyeji za Vioo vya Dirisha, kwa Kigezo cha Nani Anaondoka na Nani Anabaki

Elimu ya kuainisha ina watu wake. Msweden Carl Linnaeus alichapisha Systema Naturae mwaka 1735, akaigawa dunia ya mimea, wanyama na madini katika makundi yake, lakini hakugusa chupa iliyo chini ya sinki. Wanaisimu wa Kiswahili nao wamezipanga nomino zote kwa ngeli, na ingawa mpaka leo hawajakubaliana ngeli ni ngapi, angalau wamekubaliana kwamba zipo. Dawa ya vioo inayochanganywa nyumbani haijapata bahati hiyo. Inaishi kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi, haina jina wala tarehe, na aliyeichanganya ameshahamia Kimara. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma ambalo, kusema kweli, hakuna aliyewahi kulilalamikia.

Eneo la utafiti ni Dar es Salaam, kwa sababu ni mji ambao kioo kinashambuliwa pande zote kwa wakati mmoja: chumvi kutoka baharini, vumbi kutoka barabara inayojengwa, mafuta kutoka jikoni, na maji ya kisima kutoka kwenye bomba la kumwagilia maua. Mtafiti wa Dodoma angekutana na vumbi jekundu tu na kuhitimisha mapema. Wa Njombe angezungumzia ukungu.

Historia kwanza, maana hakuna andiko la kitaaluma lisilo na sehemu ya historia ambayo msomaji huiruka. Nyumba nyingi za zamani za pwani zilikuwa na madirisha ya mbao na nondo, na hewa ikapita inavyotaka. Kioo ambacho bibi zetu walikijua kwa mikono yao kilikuwa chemni ya taa ya mafuta. Kila jioni chemni ilifutwa masizi, na kwa kuwa masizi ni kaboni kavu, hayakudai dawa yoyote zaidi ya karatasi na mkono mwembamba unaopenya. Ndiyo maana kazi hiyo walipewa watoto. Baadaye zikaja nako, vile vipande vya kioo vinavyolala na kusimama kwa mshikio mmoja, kila kipande kikiwa na pande mbili za kufutwa na kingo zinazokumbuka vidole. Kisha madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yakaenea mpaka vibanda vya chipsi. Hapo ndipo kila ukoo ulipojitungia dawa yake, na kila dawa ikapata mama mkwe wa kuitetea.

Majaribio ya awali ya kuziainisha dawa hizi yalishindwa. Kuna waliojaribu kwa rangi. Hoja yao ni kwamba dawa ya vioo ni ya bluu, na isiyo ya bluu ni maji tu. Kosa hili lina asili ya kibiashara: Windex, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1933, imewazoesha watu wa mataifa mengi kuona bluu kwenye chupa ya vioo, na wengine wote wakafuata. Rangi yenyewe haifuti chochote. Lakini imani ni imani, na katika baadhi ya nyumba mchanganyaji huongeza bluu ya kufulia ili dawa ifanane na ya dukani. Matokeo yake ni dirisha linaloifanya mbingu ya Temeke ionekane safi kuliko ilivyo. Wengine walijaribu kuainisha kwa harufu, na wengine kwa jina la aliyewafundisha. Huo wa mwisho ni utaratibu mzuri wa kutunza amani ya familia, ila hausaidii kuondoa doa.

Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kimoja: dawa ikishafutwa na kukauka, imeacha nini juu ya kioo? Swali hili ni la msingi kwa sababu mchirizi unaotukera saa nne asubuhi, jua linapopiga, mara nyingi si uchafu wa jana. Ni dawa ya leo iliyokauka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kioo muda ni mfupi zaidi: mgeni dakika mbili. Kwa hiyo tunazo jamii kuu mbili, Waondokao na Wabakio, kisha Mahuluti, na mwishoni jamii moja ambayo tungependa iwe imetoweka.

Kiongozi wa Waondokao, kwa haki yote, ni maji. Hata hivyo maji ni jina la ukoo, si la mtu mmoja. Maji ya kisima kirefu, yanayopandishwa kwenye tangi juu ya paa, mara nyingi huja na madini ya kalisi. Yenyewe yanakwenda zake hewani lakini mizigo yanaiacha, na mizigo hiyo ndiyo yale madoa meupe ya mviringo ambayo hayasikii kitambaa. Ndani ya ukoo huohuo wamo ndugu wawili wasiothaminiwa. Mmoja ni maji ya mvua. Mwingine ni maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba la kiyoyozi, ambayo ni mvuke wa hewa uliopoa ukawa maji, hivyo hayajapita kwenye mwamba wowote na hayana chokaa. Katika mji huu yanadondoka mchana kutwa juu ya vichwa vya wapita njia, nasi tunakwenda dukani kununua dawa ya kuondoa madoa ya maji. Ndoo moja chini ya bomba la kiyoyozi ni hatua kubwa katika sayansi ya vioo kuliko bluu yote ya kufulia iliyowahi kusagwa. Yachujwe kwa kitambaa, kwani yanabeba vumbi la mashine, na yasinywewe.

Wa pili ni siki. Siki nyeupe ya dukani ina takriban asilimia 5 ya asidi asetiki, na karibu yote iliyobaki ni maji. Asidi hiyo huiyeyusha chokaa, kitambaa kikaizoa, kisha kilichosalia cha siki kikaruka hewani na kuacha harufu ya kachumbari isiyokaa sana. Kipimo kinachotosha ni sehemu moja ya siki kwa sehemu tatu za maji. Walio na madoa sugu huitumia bila maji, wakalaza kitambaa kilicholowa siki juu ya doa kwa robo saa. Siki ya mnazi, ile ya rangi na machicha chini ya chupa, haihusiki. Hiyo ina kazi yake kwenye achari, na kuipeleka dirishani ni kumkosea adabu aliyeitengeneza. Tahadhari moja ya kijiolojia: siki haijui mpaka kati ya doa na nyumba. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja ni mawe ya matumbawe na chokaa, na siki inayochuruzika kutoka kwenye kioo huila chokaa ya ukuta kwa bidii ileile iliyoila chokaa ya doa. Kizingiti cha marumaru nacho kitapoteza mng'ao wake. Kwa hiyo weka tambara chini.

Wa tatu ni spiriti. Kileo safi huchemka kwenye nyuzi joto 78, maji kwenye 100, kwa hiyo spiriti huondoka kwa haraka na huyavuta maji yaondoke nayo. Pia hulegeza alama za vidole, zile zinazopatikana kwa wingi kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne. Hapa mjadala wa kitaaluma umejitokeza kuhusu nafasi ya Konyagi. Kwa asilimia zake 35 za kileo, Konyagi inastahili kabisa kuingizwa katika jamii hii. Kikwazo ni cha kijamii: chupa haifiki dirishani.

Ni lazima sasa tuwataje wale wanaojifanya Waondokao. Ndimu ndiyo inayodanganya wengi, kwa kuwa ni kali, ni ya asili na inanukia vizuri kuliko siki. Lakini asidi yake, sitriki, ni yabisi: ikikauka haipai, inabaki, pamoja na sukari kidogo na nyuzi zilizopita kwenye chujio. Ndimu inaweza kuondoa chokaa, ila baada yake inabidi kioo kisuuzwe, na mtu anayesuuza kioo mara mbili hajapata dawa, amepata kazi. Mdanganyifu wa pili alizaliwa wakati wa korona. Nyumba nyingi zilibaki na vitakasa mikono vilivyofika asilimia 80 za kileo, na mtu mwenye akili akaona huu ni utajiri wa kufutia vioo. Hakusoma mstari wa pili. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una glisarini ya asilimia 1.45, iliyowekwa makusudi ibaki mkononi na kuilinda ngozi. Glisarini haitofautishi ngozi na dirisha. Kileo kinaruka, yenyewe inakaa, na vumbi la barabara linakuja kukaa nayo.

Jamii ya Wabakio ina heshima yake, na si haki kuidharau kwa sababu tu inabaki. Tuanze na sabuni. Mafuta ya kukaangia yanayopaa kutoka kwenye karai la mihogo na kutua juu ya dirisha la jikoni hayaiogopi siki hata kidogo. Yanahitaji kitu kinachoshika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mwingine, na hicho ni sabuni. Tatizo ni kipimo. Tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwa nusu lita ya maji linatosha, lakini hakuna mtu katika historia ya jamii yetu aliyewahi kutia tone moja. Sabuni bila povu tunaihesabu kama wizi. Sabuni ya mche ina kosa la ziada: ikikutana na maji ya kisima hujifunga na kalisi na kufanya utando wa kijivu ambao ni mgumu kuondoa kuliko mafuta ya mihogo yaliyoleta ugomvi.

Hata hivyo sabuni inaweza kusamehewa, na ushahidi uko kwenye taa za barabarani. Wale vijana wanaoruka kwenye kioo cha gari lako na chupa iliyotobolewa kizibo hutumia maji ya sabuni, na bado kioo kinabaki cheupe kabla taa haijawa ya kijani. Siri yao ni ule mpira wenye mpini. Hawaisubiri dawa ikauke. Wanaisukuma yote ishuke kabla haijapata muda wa kuzoea. Kinadharia hili ni jambo kubwa, kwani linaonyesha kwamba kuna njia mbili za mgeni kuondoka: kwa hiari yake, au kwa jembe. Anayemiliki mpira anaweza kutumia dawa yoyote isiyodhuru. Asiye nao awe mwangalifu amkaribishe nani.

Magadi ni mbakiaji wa kurithi. Yanalainisha makande, yanakata mafuta, na watu huyatia kwenye maji ya vioo kwa imani kwamba kinacholainisha maharage kitalainisha doa. Jambo wasilolijua ni la kinasaba. Kioo cha kawaida cha dirisha hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na soda, na soda hiyo ni ya ukoo mmoja na ile inayochimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako viwanda vya vioo ni wateja wakubwa. Kukisugua kioo kwa magadi ni kumleta ndugu aje kumsafisha ndugu. Watafika, watakaa, na ndugu mmoja atabaki hapo katika umbo la unga mweupe. Majivu yana tabia hiyo, na zaidi yana chembe ngumu zinazokwaruza. Yaachiwe sufuria.

Wanga ni mbakiaji wa ajabu, kwa kuwa kubaki kwake ndiyo kazi yake. Kijiko kimoja cha unga laini wa wanga, ule wa kuzitia uzito supu au wa kupigia nguo kanji, kwenye lita ya maji, huacha vumbi jepesi mno juu ya kioo. Vumbi hilo lisugue kwa kitambaa kikavu na litaondoka na alama za mafuta. Maelekezo haya yamefika katika baadhi ya nyumba yakiwa yamefupishwa kuwa "tia unga", na mtu akatia sembe. Dirisha la namna hiyo lilihitaji kijiko, si kitambaa.

Mahuluti ni mchanganyiko wa jamii hizi, na humo ndimo ubunifu wa Kitanzania unapoonekana. Huluti maarufu kuliko wote ni siki pamoja na magadi soda. Unatia, vinafoka, povu linamwagika mezani, watoto wanashangilia, na kila aliyepo anaamini ameona nguvu. Alichokiona ni wafanyakazi wawili hodari wakiuana. Asidi ya siki na magadi soda hulana na kuzaa maji, gesi ya kaboni dayoksaidi na chumvi moja isiyofuta doa lolote. Gesi imekwenda, povu limetulia, na kilichobaki kwenye chupa ni maji ya chumvi, yaani mbakiaji mpya aliyezaliwa mbele ya mashahidi. Huluti anayestahili sifa ni mpole na hafoki: kikombe cha maji yasiyo na chokaa, kikombe cha spiriti, kijiko kimoja cha chakula cha siki. Wote watatu ni Waondokao. Spiriti inashika moto, na ile ya rangi ya zambarau ni sumu, kwa hiyo chupa iandikwe na iwekwe mbali na jiko na mbali na mjomba.

Jamii ya nne tunaitaja tukiwa tumesimama na mlango wazi. Ni mtu anayesema: siki ni nzuri, Jik ni nzuri, basi pamoja zitakuwa nzuri zaidi. Siki ikikutana na dawa ya kung'arisha nguo ya aina hiyo hutoa klorini, gesi ileile iliyoachiliwa dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Jik na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine za kuunguza mapafu. Katika bafu lisilo na dirisha la kufunguka hili halina ucheshi wowote, na uainishaji wake ni mfupi: usichanganye Jik na chochote isipokuwa maji.

Mtu atauliza, kwa hiyo nitumie ipi? Swali hilo linaonyesha hakusikiliza, kwa sababu jibu linategemea doa limetoka wapi. Fikiria nyumba ya Kigamboni inayotazama bahari. Mwenye nyumba anapulizia siki kila Jumamosi na kila Jumatatu ukungu umerudi. Anachopigana nacho ni chumvi. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, hunyonya maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe, na pwani yetu huvuka kiwango hicho usiku, siku nyingi za mwaka. Kioo kinalala kikavu na kuamka kimelowa utando wa maji ya chumvi, jua likitoka unakauka, jioni unarudi. Asidi haiongezi chochote hapo. Chumvi inataka maji matupu, mengi, halafu ikaushwe. Siki yake ingefaa zaidi nyumba ya jirani inayomwagilia maua kwa kisima, na sabuni ya jirani ingefaa jikoni kwake, lakini hawasalimiani tangu ule ukuta ujengwe.

Na vumbi, kabla ya dawa yoyote, liondolewe kavu. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Ukizilowesha na kuzisugua umepaka kioo msasa, na mikwaruzo ni mbakiaji wa daraja la juu asiyeondoka kwa jembe wala kwa dua.

Kuhusu zana tutakuwa wafupi. Gazeti lilitawala muda mrefu kwa sababu karatasi yake ni kavu, ina ukwaru kidogo na haiachi nyuzi, tofauti na jarida la karatasi ya kung'aa ambalo husambaza maji tu. Siku hizi habari zinasomwa kwenye simu, na simu haifuti kioo, inataka kufutwa. Fulana ya pamba iliyokwisha shingo inafaa. Kanga mpya haifai, kwani bado ina dawa ya kiwandani na haishiki maji. Kipimo kinachopendekezwa kwa maabara zote ni hiki: kanga iko tayari kwa vioo pale jina lake lisiposomeka tena.

Inabaki tatizo la kimbinu ambalo limeharibu data nyingi majumbani. Dawa huandaliwa na mama mwenye nyumba, kazi hufanywa na mwingine. "Dada, umetia siki?" "Nimetia, mama." Hakutia. Ametumia maji ya ndoo ya kiyoyozi na fulana, asubuhi kabla jua halijafika upande huo kuikausha kazi mikononi mwake, na dirisha limetakata. Sifa zinakwenda kwa siki, na siki inaandikwa katika urithi wa ukoo. Hivyo ndivyo nadharia nyingi zilivyozaliwa, na si za vioo tu.

Mabishano ya mwisho huwa kwamba mchirizi uko ndani au nje, na wawili wamesimama pande mbili za dirisha, kila mmoja akimwonyeshea mwenzake kidole. Suluhisho lake ni rahisi na halihitaji maabara. Ndani futa kwa mlalo, nje futa kwa wima. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utataja upande wake na jina la aliyekuwa zamu. Ukiwa wa mshazari, waulizwe watoto.